Hesabu Zisizo na Mwisho na Mungu Asiye na Mpaka

Kijana mmoja wa katekismu aliniuliza: “Mwalimu, Mungu hana mwisho, hesabu nazo hazina mwisho. Basi hesabu ni sawa na Mungu?” Nilitaka kumnyamazisha. Ningalikosa, kwani ulizo lake ni la haki.

Georg Cantor, mwalimu wa hesabu mjini Halle, Ujerumani (1845-1918), alilifikiri sana jambo hili.

Mama akitaka kujua kama sahani zinatosha wageni, hana lazima ya kuhesabu. Ampe kila mgeni sahani moja. Pasipobaki mgeni wala sahani, vimelingana. Njia ya Cantor ni hiyo hiyo.

Je, vitu vyote visivyo na mwisho vinalingana? Hapana. Tufikiri lokole, ngoma yenye sauti ya juu na sauti ya chini. Tuwaze habari zenye mapigo yasiyokoma. Mtu anajisifu: “Nimeziandika zote kwa orodha: ya 1, ya 2, ya 3, bila kuisha.” Sisi tunapiga habari mpya. Pigo letu la 1 ni kinyume cha pigo la 1 la habari ya 1. Pigo la 2 ni kinyume cha pigo la 2 la habari ya 2. Na vivyo hivyo daima. Habari yetu inaachana na kila habari ya orodha, walau kwa pigo moja. Basi haimo. Akiiongeza, tutapiga nyingine. Kwa hiyo habari hizo zinazipita hesabu zote za 1, 2, 3. Cantor alitoa hoja ya namna hii mwaka 1891, akaonyesha kwamba juu ya kila wingi usio na mwisho upo mwingine mkubwa zaidi.

Mwaka 1886 aliandikiana barua na Kardinali Franzelin, Mjezuiti, aliyeogopa viumbe visichanganywe na Mungu. Cantor alipambanua: wingi wa viumbe waweza kuongezwa, lakini ukuu wa Mungu hauongezeki. Kardinali hakuona tena hatari kwa dini katika mafundisho hayo.

Hesabu hizi hazithibitishi kwamba Mungu yuko. Tusizitwishe mzigo usio wao. Lakini zimenipa jibu kwa kijana: “Mwanangu, hesabu hazina mwisho, lakini zina kinachozipita. Mungu hapitwi na kitu.”

Nasi walimu tusiwafunge watoto vinywa. Akili inayouliza ni zawadi ya Mungu yule yule tunayemhubiri.