Tumfunge ngamia kabla uchungu haujaanza

  

Ndugu zangu Waislamu, mara nyingi sisi tunaopewa nafasi ya kusema huwanyooshea wengine vidole. Leo kidole nakielekeza kwangu. Ninayemsema ni mimi mwenyewe, na wenye kisa wameniruhusu nikieleze bila ya kuwataja majina, ili kiwafae wengine.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja niliyemsomesha madrasa alinifuata barazani. Mkewe alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa operesheni. Kliniki walikuwa wameandika kwenye kadi kwamba safari hii mama huyu asijifungulie nyumbani wala zahanati, bali aende hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hospitali hiyo ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Mama mzazi wa kijana hakutaka. Alidai kwamba mkwewe alipasuliwa mara ya kwanza kwa sababu ya haraka za madaktari, na tena aliyemshika alikuwa mwanamume. Hapa mtaani yupo bibi mkunga, mcha Mungu, aliyezalisha watoto wengi. "Ustadhi, wewe unasemaje?"

Sikumuuliza hata swali moja. Sikuomba kuiona kadi. Nilimjibu palepale, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, kwamba stara ya mke ni amana, mkunga ni mwanamke na ni Muislamu, na mwenye kutoa uhai na kuuchukua ni Allah peke yake. Nikamuusia awe na tawakkul. Kijana akanishukuru, akaenda zake na moyo mkunjufu.

Uchungu ulianza alfajiri. Mpaka Adhuhuri mtoto alikuwa hajatoka. Baada ya Alasiri kovu la ile operesheni ya kwanza likaachia na mfuko wa uzazi ukapasuka. Yule bibi mkunga, Allah amlipe kheri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba jambo hili limemshinda. Ikatafutwa gari, ikapatikana pickup ya kubebea mchanga. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Mama aliokolewa, lakini kwa kutolewa kizazi. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Nilipokwenda kuwapa pole, kijana alinipokea kwa heshima, akanishika mkono akaniambia, "Ni kadari ya Allah, ustadhi." Laiti angenilaumu! Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito ambao hadi leo haujaniondoka, kwa sababu nilijua kwamba maneno yale ya kadari nilimfundisha mimi, na kwamba safari ile yalikuwa yakinifunika mimi.

Katika Sunan ya Abu Dawud mna habari ya Sahaba aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba walipokuwa hawajui walipaswa kuuliza. Tuizingatie habari hii. Wale hawakumpiga mtu jiwe. Walitoa fatwa tu. Mtume (SAW), ambaye ndiye aliyetufundisha kuamini kadari, hakuwaachia wajifiche nyuma ya kadari.

Basi tujiulize: tawakkul ni nini? Yule aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, aliambiwa afunge kwanza kisha ategemee. Sayyidna Umar (RA) aliporudi njiani asiingie Sham kwenye tauni, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Na Bibi Maryam (AS), uchungu ulipomshika chini ya mtende, Allah (SW) aliyekuwa na uwezo wa kumshushia tende mdomoni alimwamrisha alitikise shina (Qur'an 19:25). Mwanamke mwenye uchungu, tena yupo katikati ya muujiza, anaambiwa atumie sababu! Itakuwaje sisi tusiokuwa na muujiza?

Kuchagua pa kujifungulia ndiko kumfunga ngamia. Na ngamia hafungwi usiku wa manane akiwa ameshakimbia.

Naam, ziko hoja ambazo ndugu zetu huzitoa, na si haki kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni stara. Hii ni hoja ya dini na nzito. Lakini wanazuoni wameshaisemea. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqh, katika kikao chake cha mwaka 1993 nchini Brunei, ilipanga daraja: atangulizwe daktari mwanamke Muislamu, akikosekana, mwanamke mwaminifu asiyekuwa Muislamu, akikosekana, mwanamume Muislamu, na akikosekana huyo, mwanamume asiyekuwa Muislamu. Aone kiasi kinachohitajika tu, na isiwepo khalwa. Kwa hiyo sharia haikumwachia mama afe kwa jina la stara. Tena tazameni jambo hili: wakunga wengi katika wodi zetu za wazazi ni wanawake. Mwenye kwenda mapema, mimba ikiwa na miezi sita au saba, akauliza nani anazalisha na akaomba mwanamke, ana nafasi kubwa ya kumpata. Mwenye kumfikisha mkewe amezimia atapokewa na yeyote aliye zamu. Stara inalindwa kwa maandalizi.

Hoja ya pili ni gharama na lugha chafu. Hili nalo lipo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini mara ngapi mama ametumwa akanunue glovu na pamba? Wako wanaokaripiwa wakiwa katika uchungu, na hilo ni dhulma inayopasa kulalamikiwa kwa mganga mkuu na kwa viongozi wetu. Hata hivyo dawa ya karipio si kubaki nyumbani. Na kuhusu fedha, tuambizane ukweli: ni wangapi wetu tunaweka akiba ya mbuzi wa akika hali hatuna nauli ya kumfikisha mama hospitali? Akika ni sunna. Kuihifadhi nafsi ni wajibu. Tunaandaa karamu ya mtoto ambaye hatujamwandalia njia ya kufika duniani salama!

Hoja ya tatu ni kwamba mama zetu walizaa nyumbani na sisi tupo. Kweli tupo, lakini waliokufa hawapo barazani kujibu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05, chini ya nusu ya uzazi Tanzania, asilimia 47, ulikuwa katika vituo vya afya. Katika utafiti wa 2022 ulifika asilimia 81. Vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Zipo sababu nyingi za kushuka huko, na mojawapo ni mama kufika mahali penye mtaalamu na dawa. Na hao 104 nao ni akina mama, kila mmoja ana nyumba iliyobaki na simanzi.

Sasa, tunachaguaje? Mimi si daktari, ila baada ya msiba ule nilikwenda kuuliza, kama nilivyopaswa kuuliza kabla. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, isomeni kadi ya kliniki pamoja, mume na mke, na mwulizeni mkunga wa kliniki maana yake. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya, mwenye shinikizo la damu, aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita, mwenye mimba ya kwanza au ya tano na kuendelea, hawa waulize mapema kama zahanati inawatosha. Aliyepasuliwa ajifungulie mahali penye upasuaji, hata kama safari hii atazaa kwa njia ya kawaida.

Pili, ulizeni kituo kina nini. Je, upasuaji unafanyika usiku na siku za sikukuu? Damu ipo? Dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa ipo? Dawa ya kifafa cha mimba ipo? Vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua vipo? Jengo zuri na mapazia havimwokoi mtu. Kituo cha afya chenye haya ni bora kuliko hospitali ya fahari isiyo nayo.

Tatu, pimeni umbali kwa saa badala ya kilomita. Damu inayotoka baada ya kuzaa inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Anayekaa saa mbili kutoka hospitali anatakiwa asogee kwa jamaa aliye karibu, au kwenye nyumba ya wajawazito kusubiria kama ipo, wiki chache kabla. Mwenye gari ajulikane na namba yake iwekwe. Pia upo mpango wa serikali wa m-mama, ambapo mama mwenye dharura hutafutiwa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Muulizeni mhudumu wenu wa afya jinsi unavyofanya kazi kwenu.

Nne, ruhusa itolewe leo. Mume anasafiri, simu haipatikani, na nyumba nzima inamsubiri aseme ndiyo! Ewe mume, mwambie mkeo na mama yako mbele ya mashahidi: ikitoka damu, kichwa kikimuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono ikivimba, akipata degedege au homa, au chupa ikipasuka, aondoke asiningojee. Na ukiweza kuwepo, uwepo. Sayyidna Uthman (RA) aliachwa nyuma Badr, kwa amri ya Mtume (SAW), amuuguze mkewe Ruqayya, na akahesabiwa thawabu na fungu kama aliyehudhuria. Kazi gani yako iliyo kubwa kuliko Badr?

Wako wenye kutumia kombe na wako wasiotumia. Siingii katika mjadala huo. Nasema tu kwamba dua na dawa havigombani, na aliyetuamrisha kuomba ndiye aliyetuamrisha kujitibu.

Na sisi kama umma tuna deni. Tunalalamika kwamba wanaume wanawashika wake zetu, kisha binti akifaulu sayansi tunamwozesha. Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, na akawashangaa watu wa zama zake waliojazana kwenye elimu ya fiqh huku miji yao ikiwa haina tabibu Muislamu. Zimepita zaidi ya miaka 900. Hebu kila msikiti umsomeshe japo binti mmoja ukunga, na uwe na mfuko mdogo wa dharura ya wazazi. Hapo ndipo tutakuwa na haki ya kuzungumzia stara.

Namalizia na jambo lililonichoma zaidi. Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kuwaomba radhi wote wawili. Kijana alinyamaza. Yule binti, akiwa amejitanda kanga yake, aliniambia kwa upole, "Ustadhi, mimi ile kadi nilikuwa nimeisoma. Nilijua. Hakuna aliyeniuliza."

Wallahi sikuwa na jibu. Qur'an (2:233) inataka hata kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Kama kumwachisha ziwa ni kwa mashauriano, kumzaa je? Siku ya Hudaybiya, Masahaba walipokaa kimya wasitekeleze amri, Mtume (SAW) aliufuata ushauri wa mkewe Ummu Salama (RA). Sisi tulikaa watatu, kijana, mama yake na mimi, tukajadili mwili na roho ya mtu aliyekuwa chumba cha pili, anasikia.

Tangu siku hiyo, anayenijia na suala la uzazi namuuliza mambo mawili kabla sijafungua kinywa: kadi iko wapi, na mwenyewe anasemaje? Kisha namwambia aende akamuulize mwenye ujuzi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasema bila elimu. Warehemu mama zetu waliotubeba kwa tabu na kutuzaa kwa tabu, na waliofia uzazi uwape daraja ya mashahidi kama alivyotubashiria Mtume wako. Mruzuku binti yule na mumewe kheri iliyo bora kuliko waliyoikosa. Amin.

Wabillahi tawfiq.