Mwenye Funguo za Ghala
Somo: Nehemia 13:10–13

Ghala za hekalu zilikuwa tupu, Walawi wamerudi mashambani kwa kukosa posho. Nehemia akaweka wasimamizi wapya, mmoja wao karani. Aliwachagua kwa sababu walijulikana ni waaminifu. Walijulikana, kumaanisha kuna mtu alikuwa akiwaangalia kitambo.

Ndugu yangu unayengoja kibarua kwa geti la godauni kule Industrial Area, kujulikana kunaanzia hapo. Mzigo utabeba, mgongo utauma. Lakini jifunze pia kadi ya stoki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Uliza kwa nini unga ulioingia kwanza hutolewa kwanza. (Sisi tulilipa karo kufunzwa haya, wewe unalipwa.)

Halafu siku moja dereva atashusha katoni 98, karatasi inasema 100. "Buda, weka sahihi tu, tutaelewana." Na kodi ya nyumba imefika! Hesabu tena mbele yake, andika 98, ndipo uweke sahihi. Pengine kesho hutaitwa kazini, sitakudanganya. Ikiwa hivyo, njoo ofisini Jumanne baada ya maombi ya mchana, tutafute geti lingine pamoja.