WALIDAI HAKI YAO WAKIWA BADO HEMANI

Somo: Hesabu 27:1-11



Selofehadi alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule, urithi wake ungewapita mabinti zake watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Ndipo wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakaomba sehemu yao.

Angalieni jambo hili. Israeli walikuwa bado wanaishi katika mahema, na nchi yenyewe walikuwa hawajaingia. Lakini mabinti hao hawakusema, "Sisi ni watu wa njiani, hatuna la kudai." Naye Mungu akamwambia Musa kwamba wamesema kweli, wapewe. Ukisoma Yoshua 17 utaona kwamba walipewa.

Wengi wetu twadhani haki tuliziacha mpakani pamoja na nyumba na mashamba. Sivyo. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27), na mfano huo hauungui pamoja na vitambulisho. Mataifa nayo yalikiri hivyo tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipopitisha mjini Paris Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Ibara ya 14 yampa anayeteswa haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine. Ya 16 yataka ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili. Ya 17 yakataza mtu kunyang'anywa mali yake kiholela. Ya 26 yasema kila mtu ana haki ya kusoma.

Basi mama mjane akienda ofisini kuuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha ya mgao, tusimwite mkorofi. Anafanya kama mabinti wale: anasema kwa adabu, wazi, mbele ya wenye mamlaka.

Lakini neno hili latugeukia sisi pia. Tunalilia haki kwa wakubwa. Je, nyumbani twazitoa? Mume akifa, ndugu zake huja kuchukua sufuria, baiskeli na hata nyumba. Binti wa miaka 15 huachishwa shule aozwe, kwa sababu ya mahari. Hapo anayenyima haki si serikali wala shirika. Ni sisi tunaoketi pamoja kanisani.

Musa hakuwafukuza wale mabinti wala hakuwacheka. Alipeleka shauri lao mbele za Bwana, akakubali desturi ibadilike. Wazee wa kanisa na akina baba, mjane au binti akija kwenu mwezi huu, mpeni kiti, msikilizeni mpaka amalize, ndipo mwombe na kuamua kwa haki.