Panya Aliyefia Darini

Mwezi wa sita Mbeya baridi haina huruma. Alfajiri maji ya bomba yanauma vidole, na mtoto wa shule haogi mpaka mtu aamke mapema kuwasha mkaa. Baba mdogo alichoka na hali hiyo, akanunua hita ya kuogea, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua na kupasha maji papo hapo. Boksi lake liliandikwa wati 5,500. Aliyeyasoma maandishi hayo ni fundi wa kwanza peke yake.

Alikuwa kijana mpole. Alisalimia, akaligeuza boksi, akasoma, kisha akaenda kukifungua kisanduku cha breka pale sebuleni. Akapima kwa hatua zake kutoka hapo hadi bafuni: mita 18.

"Mzee, hii inataka njia yake peke yake," alisema. "Waya wa milimita 6 utoke hapa mpaka bafuni, na breka yake, na waya wa ethi."

"Kwani umeme si ni uleule? Soketi ya jikoni hiyo hapo, tumetenganishwa na ukuta tu."

"Ni uleule, Mzee, ila waya wa soketi ni wa milimita 2.5, na tayari una friji, jagi na pasi. Hita hii hautaiweza."

Kwa vifaa na ufundi alitaja shilingi 350,000. Baba mdogo akamwambia tutakutafuta. Wiki iliyofuata akaja mwingine, akafanya kazi kwa 40,000, na kabla ya chakula cha mchana maji yalikuwa ya moto. Ngazi nilimshikia mimi. Nilimwona akiumenya waya wa soketi kule darini, akazungushia waya wa hita kwa koleo, akafunga tepu nyeusi, akashuka. Sikusema neno, kwa sababu maji yalikuwa ya moto.

Matatizo yalianza asubuhi ya pili. Mtu akiwa anaoga na jagi likiwa limewashwa jikoni, dakika chache tu breka inakata. Hesabu yake ni nyepesi. Wati 5,500 ukizigawa kwa volti 230 za umeme wetu unapata ampia 24 hivi. Jagi la wati 2,000 linachukua karibu 9. Jumla ni 33, na breka ile ilikuwa ya ampia 20. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Sisi tukaiona mbovu.

Fundi wa pili akaitwa tena. Akaitoa breka ya 20, akaweka ya 40. Haikukata tena, na baba mdogo akamsifu. Hapo ndipo nyumba ilipowekwa hatarini, ingawa hakuna aliyejua. Breka haiwekwi kulinda hita wala jagi. Inalinda waya ulio ukutani na darini, ule usioonekana. Waya ukizidiwa unapata joto, na joto hilo halipandi taratibu: umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ganda la plastiki la waya wa kawaida wa nyumba limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Breka ya ampia 20 ingeukatisha mzigo kabla ya kufika mbali. Ile ya 40 iliuacha upite tu, kila asubuhi, wiki baada ya wiki.

Kisha ikaja harufu. Mama mdogo alisema kuna samaki aliyeoza jikoni. Akatoa vyombo vyote kabatini, akasugua sakafu, hakuona kitu. Tukakubaliana kwamba panya amefia darini, na mtoto akapandishwa na tochi kumtafuta. Hakumpata. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kupita kiasi inaweza kutoa harufu kama ya samaki, na laiti mmoja wetu angelijua hilo, angeugusa ukuta juu ya soketi na kuukuta wa moto.

Siku ya kipaimara cha binamu yangu nyumba ilijaa wageni. Watu sita waliingia bafuni wakifuatana, na jagi lilichemsha chai bila kupumzika. Kwenye saa moja kasoro tulisikia kitu kikitatarika juu ya jikoni, kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Silingibodi ikageuka kahawia, ikatoboka, moto ukachungulia. Nilikimbilia meini swichi nikaishusha. Mama mdogo aliwavuta watoto wawili waliokuwa mezani, na kipande cha dari kikamwangukia mkononi. Majirani walimwaga mchanga, na maji yakafuata baada ya umeme kuzimwa. Tulipoteza dari ya jikoni na mbao kadhaa za paa. Kovu la mama mdogo lipo mpaka leo.

Baadaye nilipanda kuangalia. Pale kwenye kiungo cha tepu nyeusi shaba ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama punje ya mtama. Pande zote mbili ganda la waya lilikuwa limekauka, likavunjika nilipoligusa kwa kidole.

Nayasema haya kwa sababu nyumba zetu zinaongezewa vitu kila mwaka, na nyaya ni zilezile za siku ya kwanza. Jiko la umeme, hita ya kuogea, kiyoyozi, pampu ya maji: kila kimoja kipewe waya wake kutoka kwenye kisanduku, na breka yake inayolingana na waya huo. Kwa bafuni ongeza kile kifaa chenye kitufe cha kujaribia, cha miliampia 30, kinachokata umeme unapovuja, maana pale mtu amesimama majini bila viatu. Fundi mwulize leseni yake ya EWURA bila aibu. Akija mtu kukuambia breka inasumbua tuweke kubwa zaidi, kabla ya kumlipa mwulize waya una milimita ngapi. Asipojibu, msindikize mpaka getini.

Baba mdogo alimtafuta tena yule kijana wa kwanza. Alikuja, akasalimia, akatuuliza hali ya mama, wala hakutukumbusha kitu. Waya aliouvuta safari hii ni wa milimita 6, na urefu wake ni mita 18.