Halali Pekee Haitoshi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akamtilia kifuani moyo upigao usiku na mchana bila ya mwenyewe kuuamrisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyeshika njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu.

Darasa letu hukutana ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa River Road, baada ya Sala ya Alasiri. Mwaka huu tumeona katika ngazi za jengo hilo jambo ambalo zamani hatukuliona. Wazee wa miaka 60 wapanda huku wakizungumza, na kijana wa miaka 15 asimama mara mbili njiani, mkono mmoja ukutani, akihema kama aliyebeba gunia. Mkono wa pili ameshika mfuko wa chipsi na chupa ya soda. Siku moja tulimwuliza: "Mwanangu, hiki ndicho chakula chako kila siku?" Akatujibu kwa adabu: "Ni halali, maalim. Nimenunua kwa Mwislamu."

Jawabu lile lilitunyamazisha, kwani ni sisi tuliomfundisha. Tumemfundisha aulize nani kachinja, na mafuta ni ya mnyama gani, na mwenye duka ni wa dini gani; akisha kujibiwa hayo ale. Hatukumfundisha kuuliza zaidi ya hapo. Baadaye kijana yule alipelekwa kwa daktari, akapimwa shinikizo la damu katika siku tatu mbalimbali, na mara zote tatu likaonekana limepita kiasi cha umri wake. Mzee wake alikuja kwetu akilia, akauliza: "Presha si maradhi ya wazee?"

Kwa ajili ya suala hilo tumeandika waraka huu.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, alipowaambia watu wale vilivyomo ardhini, hakutaja sharti moja, ametaja mawili: kiwe halali, na kiwe twayyibu, yaani kizuri, safi, chenye kumfaa mwenye kukila. Amelirudia jambo hilo katika Sura ya Al-Maida na katika Sura ya An-Nahl. Sisi tumeshika sharti la kwanza kwa mikono miwili, na hilo ni jema. Lakini sharti la pili tumelitupa. Twasoma nusu ya aya, kisha twastaajabu kuwa nusu ya faida hatuioni.

Na tuutazame moyo wenyewe. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufahamisha kuwa mwilini mna kipande cha nyama ambacho kikitengenea hutengenea mwili mzima, na kikiharibika huharibika wote. Wanachuoni wameieleza Hadithi hiyo kwa moyo wa imani na nia, na maana yake ni hiyo. Hata hivyo hapana anayeweza kukanusha kuwa mfano umepigwa kwa nyama, na nyama hiyo ina haki yake. Moyo hupiga kadiri ya mara 100,000 kwa siku moja. Damu yote ya mwili hupita humo, ikasukumwa katika mishipa mpaka ncha za vidole. Mishipa ikiwa laini, kazi huwa nyepesi. Ikishikwa na mafuta na kukakamaa, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mpaka siku moja uchoke, au mshipa wa kichwani upasuke au uzibe, mtu akapooza kwa kiharusi.

Wengi hudhani uharibifu huo huanza uzeeni. Si kweli. Katika mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza habari ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea, ambao mioyo yao ilipasuliwa na kuchunguzwa. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu yao walionekana wameanza kuwa na ugonjwa katika mishipa ya moyo, na hali walikuwa vijana wa vita. Kisha, tangu miaka ya 1970, katika mji wa Bogalusa huko Louisiana, daktari Gerald Berenson na wenzake waliwafuatilia watoto kwa miaka mingi, wakaona kuwa michirizi ya mafuta huanza mishipani tangu utotoni, na kwamba huzidi kwa yule aliyezidi uzito, na presha, na mafuta katika damu. Basi mzee anayeanguka ghafla msikitini akiwa na miaka 50, huenda maradhi yake yalianza alipokuwa akisoma juzuu Amma.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya Wamarekani, na sisi ni Waafrika." Jawabu lake liko hapa hapa Nairobi. Katika miaka ya 1980 daktari Neil Poulter na wenzake waliwachunguza vijana Wajaluo waliohama kutoka mashambani magharibi ya Kenya kuja kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kwao. Habari zao zilichapishwa mwaka 1990. Iligunduliwa kuwa shinikizo la damu la waliohamia mjini lilipanda muda mfupi tu baada ya kufika. Damu yao ni ile ile, na kabila lao ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha. Walikula chumvi zaidi, wakapungukiwa na ile madini ya potasiamu ipatikanayo katika mboga na matunda, na uzito wao ukazidi. Mabasi ya bara yangali yashusha watu River Road kila alfajiri. Kijana ashuka na begi lake mgongoni, na kabla jua halijachwa ameshakula chakula cha mji. Na watoto wetu waliozaliwa mjini hawakujua chakula kingine.

Natija yake twaiona. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa hata mara moja.

Sasa tuhesabu kilichomo katika mfuko wa yule kijana. Soda nyingi huwa na kiasi cha gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita, basi, ni kama gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Mama gani angemtilia mwanawe vijiko 12 katika kikombe kimoja? Na madaktari wa moyo wa Marekani mwaka 2016 walisema mtoto wa miaka 2 mpaka 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kutiwa kwa siku nzima. Ama chumvi, Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mtoto apunguziwe zaidi. Lakini chipsi hutiwa chumvi na mpishi, kisha mnunuzi akatikisa kopo lililo juu ya meza kabla hata hajaonja. Na mafuta yaliyokaangiwa asubuhi ndiyo yanayokaangia jioni, mpaka yamekuwa meusi.

Hatusemi kuwa chipsi ni haramu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuharimisha alichokihalalisha, na mwenye kula siku moja moja hapana lawama juu yake. Tunalolikataza ni israfu, ambayo Mwenyezi Mungu ameikataza pamoja na kula na kunywa katika aya moja, Sura ya Al-A'raf, aya ya 31. Kufanya kitu cha siku ya furaha kuwa chakula cha kila siku ni israfu, ijapokuwa bei yake ni ndogo.

La pili ni kukaa. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 ahitaji kutumia mwili wake kwa nguvu dakika 60 kila siku: kukimbia, kucheza mpira, kuruka, kwenda kwa miguu kwa haraka. Na hapa, ndugu zetu, yatupasa tujilaumu sisi walimu kabla ya kuwalaumu wazazi. Mtoto aamka alfajiri, apanda gari la shule, aketi darasani mpaka saa tisa. Atoka aja kwetu, twamketisha mkekani mpaka Magharibi. Arudi nyumbani aketi na kazi za shule, kisha na simu. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wenzake wamo uwanjani, sisi twamketisha tena. Akipiga mpira mlangoni twamwita mtoro. Kisha nje ya mlango wa madrasa twamwachia mchuuzi wa soda na vibanzi vya pakiti, na siku ya maulidi na ya hitima twawapa zawadi ya soda na halua. Je, hii ndiyo Sunna? Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha, akasifu Muumini mwenye nguvu, na akamwambia Abdullah bin Amr, aliyezidisha kufunga na kusimama usiku, kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuula mwili wa kijana, vipi mkeka wetu?

La tatu ni moshi. Kenya ina sheria ya kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2007, na mwaka 2017 serikali ilitoa amri ya kuipiga marufuku shisha. Lakini kijana hajui sheria ikiwa baba yake avuta sebuleni. Moshi wa tumbaku huumiza kuta za mishipa ya damu, wa shisha na wa sigara sawa sawa, na avutiwaye pembeni naye hupata sehemu yake. Katika hili hatuna haja ya kurefusha maneno. Wanachuoni wengi wa zama zetu wametamka kuwa ni haramu, na dalili yao ni kukatazwa kwetu kujitia katika maangamizi, Sura ya Al-Baqara, aya ya 195.

Wako watakaotujibu kwa maneno matatu.

Wa kwanza atasema: "Ajali imeandikwa." Ni kweli imeandikwa. Lakini Sayyidna Umar alipofika mpakani mwa Sham akaambiwa kuna tauni, alirejea na watu wake. Na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari yake kuielekea kadari yake nyingine. Tukifahamu vingine kuliko alivyofahamu Umar, basi kosa ni letu.

Wa pili atasema: "Mtoto mnene ndiye aliyenawiri; mkikata chakula watu watasema twamnyima." Huu ni mzoea wa siku za njaa, ambao umeishi kuliko njaa yenyewe. Mapenzi si kumjaza mtoto.

Wa tatu, na huyu ndiye atuhuzunishaye zaidi, akiona mwanawe ahema na moyo wamwenda mbio, asema ni kijicho au jini, akampeleka kwa mwenye hirizi na kombe. Miezi yapita, fedha zapotea, na maradhi yazidi kukaa. Mtume (S.A.W.) ametwambia kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dua ni silaha ya Muumini, wala hatuiachi. Lakini dua haimzuii mtu kwenda hospitali.

Basi nini la kufanya? Kwa wazazi: mpe mtoto chakula kabla ya kumpa fedha. Maharage, githeri, sukuma wiki, ndizi, chungwa, kiazi kitamu cha kuchemsha: hivi vyote vyapatikana sokoni, wala si ghali kuliko chipsi na soda za kila siku. Maji yawe ndiyo kinywaji cha nyumba. Katika Ramadhani, tende na maji vitangulie, wala futari isiwe sinia ya vitu vya kukaangwa tupu. Kumbukeni mafunzo ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Mpelekeni mtoto kupimwa presha. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu mwaka 2017 waagiza ipimwe kila mwaka kuanzia miaka 3.

Kwa ndugu zetu wenye maduka ya chakula: kibao cha halali mlangoni ni ushahidi mnaoutoa mbele ya Mwenyezi Mungu. Msiutoe nusu. Badilisheni mafuta, punguzeni chumvi, wekeni maji na matunda mbele kama mlivyoweka soda.

Na kwa sisi walimu: darasa letu limekubaliana kuwa kuanzia mwezi huu, kila Jumamosi na Jumapili, saa moja ya kisomo iwe ni ya uwanjani, na walimu wawe pamoja na wanafunzi, na kwamba soda haitaingia tena katika darasa hili, hata siku ya hafla. Wako waliosema tutapunguza elimu. Twawajibu kuwa hifadhi ya Qur'ani yataka kifua kizima.

Yule kijana angali aja. Daktari amempunguzia chumvi na sukari na kumwamrisha kutembea, na mzee wake hutembea naye mpaka mjini baada ya Sala ya Alfajiri. Ngazi zetu angali azipanda pole pole. Lakini juma lililopita alisimama mara moja tu.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutaulizwa juu ya herufi tulizowafundisha watoto hawa, na tutaulizwa juu ya damu ipitayo mioyoni mwao.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, wala usitutenganishie viwili hivyo. Wape watoto wetu mioyo yenye kukujua, na iliyo mizima ya kukutumikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.