Kura ya Mlolongo na Dhamiri ya Mpangaji

Tarehe 10 Julai 2018, raia wa Uganda walichagua wenyeviti wa LC1 kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2001. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Kila mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea wake, watu wakahesabiwa mchana kweupe.

Nilikuwa mtoto wa shule, nikitazama kutoka barazani. Usiku uliotangulia, shangazi alisema kwamba mwalimu, jirani yetu, ndiye aliyefaa. Kesho yake alisimama nyuma ya ndugu wa mwenye nyumba wetu. Nilimwona mnafiki, na jioni nikamwuliza. Akanijibu, "Mwanangu, kodi ya mwezi huu bado sijalipa."

Je, kosa lilikuwa la shangazi, au la utaratibu uliomtaka aianike dhamiri yake?

Wanaotetea mlolongo wana hoja nzito. Gharama yake ni ndogo, na ni vigumu kuingiza kura bandia mbele ya macho ya mtaa mzima. Mwaka 1861, John Stuart Mill alikwenda mbali zaidi. Kwake kura ni amana, si mali ya mpiga kura, kwa hiyo anayeitumia aonekane na wenzake, aone haya kuitumia vibaya.

Nakubali kwamba kura ni amana. Mwenyekiti wa LC1 si mtu mdogo: barua yake na muhuri wake huhitajika mtu anapomdhamini ndugu mahakamani. Lakini hapo ndipo hoja ya Mill inapogeuka. Haya hutufaa tunapotazamwa na walio sawa nasi. Anayetutazama akiwa ameshika paa letu au muhuri tunaouhitaji, tunachoona si haya bali hofu, na amana itumiwayo kwa hofu humfikia mwenye nguvu, haiufikii umma.

Hata uwazi wenyewe hautoshi. Kenya, katika mchujo wa KANU wa 1988, watu walilalamika kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu.

Mtu atauliza: mbona wachache walisimama nyuma ya mwalimu? Ni kweli. Mmoja wao alikuwa muuza mboga, mpangaji kama sisi, nami namheshimu mpaka leo. Lakini sheria inayomtaka muuza mboga awe shujaa ndipo apige kura kwa haki ni sheria mbaya. Ushujaa ni sifa njema. Usifanywe sharti la uraia.

Kwa maoni yangu, asiye na nguvu apewe pazia, mwenye nguvu amulikwe. Kura iwe siri, hesabu ifanywe hadharani, na kazi ya mwenyekiti ionekane mwaka mzima.

Shangazi nilimhukumu upesi. Leo mimi pia ni mpangaji, hapa Nkoma. Mlolongo ukiitishwa tena, ningependa kuahidi kwamba nitasimama na dhamiri yangu. Lakini kwanza nitataka kujua mwenye nyumba wangu anasimama wapi, na jambo hilo linanitia aibu.