Dai Alasiri Yako, Binti

Juni 2022, Uwanja wa Amaan, Unguja, wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliifunga Kamerun bao 1-0. Kule Yaoundé walikuwa wameshaichapa 4-1. Wakafuzu Kombe la Dunia. Oktoba mwaka huohuo, nchini India, wakailaza Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakatinga robo fainali. Hadi wakati huo hakuna timu ya soka ya wanaume ya Tanzania, ya wakubwa wala ya vijana, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mabinti ndio waliotangulia.

Na walifuzu wakiwa katika kisiwa kilekile ambacho filamu ya Zanzibar Soccer Queens, ya mtengeneza filamu wa Kamerun Florence Ayisi, ilikionyesha mwaka 2007. Humo wamo wanawake wa timu ya Women Fighters, wanafanya mazoezi na kucheza mechi huku wapo wanaowaona wahuni. Wanawake wale hawakusubiri mtaa mzima uwakubali ndipo wavae njumu. Walicheza hivyohivyo, wakisemwa. Wadogo zao waliposhuka Amaan miaka 15 baadaye, walikuta kisiwa kimekwishazoea kumwona mwanamke na mpira.

Wewe binti unayesoma haya, nataka nikuambie kilipo kizuizi chako. Hakuna sheria Tanzania wala Kenya inayokukataza kucheza mpira. Ulichonyang'anywa ni muda, tena muda unaojulikana: kati ya sala ya alasiri na adhana ya magharibi. Pwani yetu yote, saa hizo ndizo saa za mpira. Kaka yako akirudi shule hutupa begi kitandani, akabadilisha shati, huyo kaenda. Wewe unarudi saa ileile kutoka shule ileile, unakuta ndoo haina maji, vyombo vya mchana vinakungoja, mchele haujachambuliwa na mdogo wenu analia. Ukimaliza kimoja unatumwa kingine. Ukijifuta mikono, muadhini anaadhini. Halafu watu wazima wanakaa barazani kusema wasichana hawana kipaji cha mpira! Kipaji gani kitaonekana jikoni?

Ndiyo maana nasema dai alasiri yako. Usianze kwa kudai ubingwa wala safari za ng'ambo. Anza na siku mbili katika wiki, saa moja na nusu kila siku. Mwambie mama kazi utaziamkia alfajiri. Mwambie kaka zamu ya kuteka maji leo ni yake, na useme mbele ya baba ili naye asikie. Watakukatalia mara ya kwanza. Waambie tena wiki ijayo.

Huko Kilifi jambo hili lilieleweka mapema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana wa vijijini kucheza mpira, na walioliendesha hawakuishia kugawa mipira. Walitazama kinachomweka msichana nyumbani. Hedhi bila pedi humfungia binti ndani siku kadhaa kila mwezi, shuleni asiende na uwanjani asiende, basi nayo wakaishughulikia. Wakawafundisha wasichana wenyewe kuwa makocha na waamuzi, kutoa huduma ya kwanza na kuendesha ligi zao. Nitazame uwanja wowote wa wasichana huku pwani, jambo linalonigusa ni dogo tu. Mchezaji amefika na mdogo wake mgongoni. Anafungua leso, anaitandika chini ya mkorosho, anampakatisha mtoto mwenzake aliye benchi, anaingia kucheza pekupeku. Akitolewa, wanabadilishana, na aliyekuwa analea anaingia. Mtu anayetaka mpira kiasi hicho, ni nani mwenye uso wa kumwambia hauwezi?

Watakuambia unaiga Wazungu. Waambie Wazungu wenyewe waliupiga marufuku. Tarehe 26 Desemba 1920 watazamaji 53,000 walijaa Goodison Park, Liverpool, kuwaona Dick, Kerr Ladies, timu iliyozaliwa na wafanyakazi wanawake wa kiwandani Preston. Mwaka haukuisha, Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake kwa kusema mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Maneno unayoambiwa leo barazani waliambiwa wao, karibu neno kwa neno, na wajukuu zao wakaja kulinyanyua Kombe la Ulaya mwaka 2022.

Watakuambia dini. Hapa natamka kwa heshima, kwa sababu wapo wanaouliza kwa nia njema. Ikiwa hoja ni stara, stara imekwisha kupata nafasi uwanjani. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mjini Amman kwa sababu ya kujifunika kichwa. Mwaka 2014 kanuni ikabadilishwa. Na tarehe 30 Julai 2023 beki wa Moroko, Nouhaila Benzina, alicheza Kombe la Dunia akiwa na hijabu yake, Moroko ikaifunga Korea Kusini 1-0. Na ikiwa hoja ni kwamba mwanamke Mwislamu hapaswi kukimbia, tuwaulize masheikh wetu watusomee ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bibi Aisha, mara moja Bibi Aisha akashinda, na mara nyingine akashinda Mtume.

Watakuambia hutaolewa. Hilo nalipita. Wachezaji wangapi wana waume na watoto!

Tena kuna riziki humu. Clara Luvanga, binti wa Kitanzania, alisajiliwa na Al Nassr ya Saudia mwaka 2023. Nchi hiyo ndiyo iliyowaruhusu wanawake kuingia viwanjani kutazama mpira mwezi Januari 2018 tu. Mlango uliofungwa vile umefunguka ndani ya miaka michache, na Mswahili mwenzetu amepita. Sisemi kila binti atafika huko. Wengi hawatafika, kama kaka zao wengi wasivyofika, na bado hakuna anayemwambia mvulana aache kucheza kwa kuwa hatasajiliwa.

Baba, mjomba, kaka mkubwa, ninyi mna neno zito nyumbani. Binti yenu akisemwa mtaani, msijifanye hamkusikia. Semeni kwa sauti, "Mimi ndiye niliyemruhusu." Sentensi hiyo moja huwanyamazisha watu kumi.

Na ninyi mliocheza zamani mkaacha, kwa ndoa, kwa uchovu, kwa maneno ya watu, mnahitajika. Msichana wa miaka 12 hana kocha mwanamke mtaani kwenu, na mama yake hawezi kumkabidhi kwa mtu asiyemjua. Wewe anakujua. Nenda kamwombe huyo mama mwanawe kwa jina, Jumamosi hii, umwambie saa utakayomrudisha, na umrudishe kabla ya magharibi.